Damu ya Sukari na Farasi wa Rohan



Yako mabishano yasiyomalizwa na baraza la wazee wala na ofisa wa zamu, na mojawapo ni haya ya wapenzi wa sinema: ipi bora, picha ya bei nafuu iliyojaa damu, ngumi na vitisho, iliyotengenezwa na vijana wasio na senti mfukoni, au ile picha kubwa ya kubuni, yenye wafalme, mazimwi na majeshi ya maelfu, iliyogharimu fedha za kutosha kujenga mji? Katika nyumba yetu, ambayo ni vyumba viwili vya kambini na sebule moja yenye televisheni, mabishano hayo sasa yameingia mwaka wa nne. Upande mmoja yuko shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ni konstebo wa polisi, na ambaye katika utoto wake hakukosa kibanda cha video hata Jumamosi moja. Upande wa pili yuko mwanangu wa kwanza, kijana wa miaka 19 anayesomea ufundi wa umeme, awezaye kukutajia wafalme wa Gondor kama mwenziwe atajavyo wachezaji wa timu ya taifa. Mimi nimewekwa katikati kuwa mwamuzi, kwa kuwa chai ni yangu, na umeme wa nyumba hii mimi ndiye niununuaye.

Picha za aina ya kwanza zimepewa na Wazungu jina ambalo maana yake ni sinema za kunyonya, yaani za kuchuma faida kutokana na udhaifu wa mtazamaji: hamu yake ya kuona damu, uchi na kisasi. Hazitaki waigizaji mashuhuri wala mandhari ya gharama. Hutaka jina la kutisha, bango la kutisha zaidi, na watu wachache wasiochoka. Picha za aina ya pili kwetu si ngeni hata kidogo. Mtu aliyekaa barazani akasikiliza Utenzi wa Rasi 'lGhuli hashangazwi na majeshi yasiyohesabika wala na viumbe visivyo vya dunia hii. Tofauti ni kwamba mshairi alitumia wino, na hawa hutumia mamilioni ya dola.

Mwanangu hushikilia kwamba picha ya damu ni uchafu tu, haina mwanzo wala mwisho, na kwamba mtu mzima aipendaye anapaswa kuona haya. Shemeji hujibu, kwa sauti ya gwaride, kwamba picha kubwa ni ya watu waliolala juu ya pamba. Kwamba mtu akiwa na fedha nyingi kiasi hicho hata jiwe litaigiza. Nami kwa muda mrefu nimeona kwamba wawili hawa wanagombania watoto wa baba mmoja, na hilo nitalieleza.

Mwaka 1983, huko New Zealand, kijana aitwaye Peter Jackson alianza kupiga picha ya sinema pamoja na rafiki zake. Kazi yake ya mshahara ilikuwa katika gazeti la mji wa Wellington, idara ya kutayarisha picha za kuchapwa. Kamera yake ilikuwa ndogo, ya filamu ya milimita 16, na siku zake za kazi hii ya pili zilikuwa Jumapili, kwa sababu siku nyingine kila mmoja wao alikuwa na mwajiri. Jambo lililokusudiwa kuwa la muda mfupi likachukua miaka minne. Picha ilipokamilika mwaka 1987, baada ya tume ya filamu ya serikali ya nchi hiyo kutoa fedha za kuimalizia, iliitwa Bad Taste, na jina lake ni onyo la kutosha: viumbe kutoka sayari nyingine wanakivamia kijiji kidogo ili nyama ya watu ikauzwe katika mikahawa ya huko kwao. Jackson mwenyewe aliigiza watu wawili, mmoja mwenye ndevu na mmoja asiye nazo, na upo mahali ambapo hao wawili wanapigana juu ya jabali, yaani mtu anajipiga mwenyewe.

Vinyago vya hao viumbe aliviunda kwa mikono yake, kisha akavioka katika jiko la mama yake. Naomba dada zangu wanaosoma ukurasa huu watulie kidogo hapa. Jiko lile lile lililooka chakula cha nyumba! Nilipoisikia habari hii kwa mara ya kwanza sikuwaza juu ya sinema. Niliwaza juu ya huyo mama, akifungua mlango wa jiko jioni kwa nia ya kuweka mkate, akakutana na kichwa cha jini kinamkodolea macho. Sijui wangapi kati yetu wangelivumilia, lakini bila jiko hilo hadithi iliyobaki haikuwapo.

Kwa maana huyo Jackson, baada ya kutengeneza mwaka 1992 picha nyingine iitwayo Braindead, ambayo ndani yake kijana anawakabili wafu waliofufuka kwa mashine ya kukatia majani, na damu ikamwagika kama mvua ya masika, ndiye huyo huyo aliyekuja kupewa kazi ya kukipiga katika sinema kitabu kikubwa cha J.R.R. Tolkien, The Lord of the Rings. Zilikuwa picha tatu zilizopigwa kwa mkupuo mmoja, siku 274, tangu Oktoba 1999 hadi Desemba 2000, zikaonyeshwa mwaka 2001, 2002 na 2003. Ile ya tatu ilipata tuzo 11 za Oscar mwaka 2004, na haikukosa hata moja katika zile ilizopendekezwa. Mafundi waliomtengenezea mavazi ya chuma, panga na nyuso za maadui, Richard Taylor na Tania Rodger, walikuwa naye tangu siku za vikaragosi na damu ya bandia. Deraya za wapiganaji zilizong'aa kama chuma zilikuwa pete zilizokatwa katika mabomba ya plastiki ya maji, zaidi ya milioni 12, zikaunganishwa moja moja kwa vidole vya binadamu. Mtu aliyezoea kuokota kitu cha bure na kukifanya kionekane cha thamani hasahau ustadi wake eti kwa sababu sasa anazo fedha.

Na waliotoa fedha nao walikuwa nani? Kampuni ya New Line, iliyoanzishwa na Robert Shaye mwaka 1967 katika nyumba yake ya kupanga huko New York. Kampuni hiyo ilikulia katika biashara ya picha ambazo watu wa heshima walizikimbia. Ndiyo iliyoisambaza Pink Flamingos ya mwaka 1972, ambayo sitaisimulia katika gazeti linaloingia majumbani. Na ndiyo iliyoitoa kwa Wamarekani, mwaka 1983, The Evil Dead ya Sam Raimi, ambayo damu yake ilikuwa sharubati nzito ya mahindi iliyotiwa rangi ya chakula na unga wa kuweupisha kahawa. Jackson alikwenda kwa Shaye mwaka 1998 akiomba picha mbili, na Shaye ndiye aliyeuliza kwa nini zisiwe tatu, maadamu vitabu ni vitatu.

Siku nilipoyaeleza haya sebuleni, shemeji alipiga meza hata vikombe vikaruka. "Umeona, shemeji! Hao wafalme wake wamelelewa na picha zangu!" Mwanangu hakuinua hata uso. Akasema mtu hasifiwi kwa nepi alizovaa.

Shemeji, hata hivyo, ana ushahidi ambao siwezi kuukataa. Katika ile picha ya tatu, mji mweupe wa Minas Tirith umezingirwa, na maadui wanarusha kwa mitambo yao, si mawe, bali vichwa vya askari waliouawa, ili kuvunja moyo wa waliomo ndani. Mpigaji picha mwenye adabu za kawaida angelipita hapo haraka. Huyu hakupita, na kila tukifika hapo shemeji hunyanyuka kitini kama aliyemwona ndugu yake stendi: "Yule yule! Yule wa jikoni!"

Wala hatuna haja ya kwenda New Zealand kuyaona haya. Hapa kwetu Kampala, mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana, aliyekuwa mfyatua matofali, alitoa mwaka 2010 picha iitwayo Who Killed Captain Alex?, na inasimuliwa kwamba haikumgharimu hata dola 200 za Marekani. Bunduki zake ziliungwa kwa vyuma chakavu. Wachezaji wenyewe walizunguka mitaani wakiuza nakala mkono kwa mkono. Kapteni Alex ni ofisa wa jeshi letu aliyetumwa kulivunja kundi la wahalifu. Anakutwa amekufa, nduguye aliye bingwa wa kung fu anamtafuta muuaji, na mpaka picha inakwisha muuaji hajulikani. Juu ya sauti za wachezaji imewekwa sauti ya msimulizi, vijei kama tuwaitavyo, akicheka, akisifu, akimkemea adui. Kinachonigusa zaidi ni kwamba Nabwana katika utoto wake hakuingia ukumbi wa sinema. Kaka zake ndio waliokwenda. Wakirudi humsimulia walichokiona, naye akazijenga picha hizo kichwani mwake kwa maneno matupu.

Hata hivyo, shemeji asidhani nimehamia upande wake. Zipo picha za kunyonya ambazo kilichonyonywa ndani yake si mtazamaji, bali ni mwanamke. Nimekwisha kuziona. Mtengenezaji hana fedha za farasi, hana fedha za ngome, basi hutafuta kitu cha kumkalisha mtu kitini, na kitu kilicho karibu naye cha bei rahisi ni binti anayelia na nguo zilizochanika. Hapo ufundi wa jiko la mama haupo. Upo uvivu tu. Nimemwambia shemeji kwamba yeye ni mtu wa sheria, kila juma hupokea kituoni wanawake waliopigwa, na ni ajabu kama hawezi kuitofautisha sharubati ya mahindi na jambo lile. Tangu siku hiyo huzikagua picha zake kwanza kabla ya kuzileta nyumbani.

Sasa nije kwa mwenye nyumba. Baba watoto ni sajini. Mwaka 2011 alikuwa Mogadishu katika kikosi cha Umoja wa Afrika, na katika aliyoyaona huko hajanisimulia hata robo. Katika mabishano ya sinema hana upande. Hukaa na redio yake. Lakini siku shemeji alipoleta Captain Alex aliiweka redio chini. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Tazameni huyo anavyoshika bunduki! Kwangu angelala kotagadi siku saba." Damu iliruka, watu wakaanguka kwa makundi, helikopta ya kompyuta ikaunguza mji, naye akacheka kama mtoto, akaomba sehemu moja irudishwe.

Wiki chache baadaye ikawa zamu ya mwanangu. Akaweka ile ya tatu, mapigano ya uwanda wa Pelennor. Wapanda farasi wa Rohan wanatokea mlimani, maelfu kwa maelfu, jua linachomoza, mfalme wao anapita mbele ya mstari akigonga mikuki yao kwa upanga, baragumu zinalia, kisha wanashuka kama maji yaliyovunja bwawa. Mimi nywele zilinisimama. Mdogo wetu, binti wa miaka 12, alipanda juu ya kiti. Nilimdokeza kwamba wengi wa wapanda farasi wale walikuwa wanawake waliobandikwa ndevu, kwa sababu huko New Zealand wanawake wenye farasi zao walijitokeza kwa wingi, naye akapiga kelele zaidi. Nikageuka kumtazama baba yao. Kiti chake kilikuwa kitupu. Alikuwa ametoka nje, alisema baadaye, kutazama kama tangi la maji limejaa. Tangi nililijaza mimi asubuhi.

Usiku nilimuuliza kwa upole. Akakaa kimya kitambo, halafu akasema: "Ile ya Wakaliga inaniambia wazi kwamba damu ni rangi. Hii inataka niamini."

Neno hilo lisingenikaa sana moyoni kama nisingalijua jambo ambalo yeye alikuwa hajalijua. Mwanangu alikuwa amekwisha kuniomba cheti chake cha kuzaliwa. Uandikishaji wa askari wapya ulikuwa umekaribia, naye alitaka kuacha ufundi wa umeme. Mimi silikatai jeshi. Ndilo linalotulisha, na mwenye kulivaa vazi lile kwa haki namheshimu. Lakini nilimtazama mwanangu akiyatazama mapigano yale kwa mara ya sita au ya saba, midomo yake ikiyafuata maneno ya mfalme, nikajiuliza kama ni jeshi analolitaka au ni baragumu. Kwamba picha ya damu ya sukari imharibu mtoto, hilo tumelihofia sana sisi akina mama, tukaficha kanda na kuzima televisheni. Kwamba picha nzuri, safi, yenye tuzo 11, yaweza kumwonyesha kufa kukiwa kuzuri kupita kiasi, hilo hatulihofii, kwa sababu hakuna kinachochafua zulia.

Wanajeshi halisi wamo humo, na hilo nalo lilimpa mwanangu hoja. Mapigano ya mbele ya Lango Jeusi yalipigwa katika jangwa la Rangipo, eneo la mazoezi la jeshi la New Zealand, na askari mamia kadhaa wa jeshi hilo walivaa deraya wakasimama kuwa pande zote mbili. Inasimuliwa kwamba walipigana kwa bidii mno hata mikuki na panga za mti zikawa zinavunjika ovyo. Mwanangu alimweleza baba yake kwa furaha. Baba yake akatikisa kichwa, akatabasamu: "Hao walikuwa wanajua watarudi jioni kula."

Basi ikawa Jumapili moja mwezi wa Agosti, picha ile ile imewekwa tena, na baba watoto amepita mlangoni na jagi la maji wakati mambo yote yamekwisha. Vita vimekwisha, mfalme ametawazwa, na wale mashujaa wanne wafupi wamerudi kijijini kwao. Wanakaa katika kilabu cha pombe. Watu wanacheka, mzee mmoja anapita na boga kubwa alilovuna na wote wanalishangaa. Hakuna anayewauliza wale wanne walikuwa wapi. Wanatazamana, wanainua vikombe vyao, hawasemi neno. Ni kipande kifupi sana, na wapenzi wengi wa sinema hulalamika kwamba picha ile inachelewa kwisha. Kisha anaonekana mmoja wao, Frodo, akiwa na jeraha la bega ambalo baada ya miaka minne bado linamuuma, na ambaye mwishowe hawezi kukaa katika nyumba yake mwenyewe. Anapanda jahazi na kwenda zake.

Mume wangu alisimama na jagi mkononi mpaka mwisho. Akasema, "Aliyeandika hii alikwenda."

Na ni kweli, alikwenda. Tolkien alikuwa luteni wa mawasiliano katika jeshi la Uingereza kwenye mapigano ya Somme, mwaka 1916, mpaka homa ya mahandaki ilipomrudisha nyumbani mwezi wa Novemba. Ameeleza mwenyewe kwamba kufikia mwaka 1918 rafiki zake wa karibu walikuwa wamekufa wote isipokuwa mmoja. Kitabu chake kilitoka mwaka 1954 na 1955, karibu miaka 40 baada ya Somme. Nilipomsomea mume wangu miaka hiyo alihesabu kwa vidole, akasema yeye basi bado ana muda.

Mwanangu alikuwa amekaa sakafuni na kidhibiti cha televisheni mkononi. Akauliza, pasipo kumtazama: "Baba, wewe uliporudi, ulikaa na nani?"

Haikuwa hadithi ndefu. Alimsimulia juu ya vumbi, na juu ya kiu ambayo maji ya chupa ya moto hayawezi kuitoa, na juu ya mwenzake mmoja aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisa usiku kwa sauti mbaya sana, hata wenzake wakamwomba anyamaze, na juu ya ule usiku aliponyamaza. Kisha akaeleza jinsi aliporudi kambini kila mtu alivyomuuliza kama ameleta redio na viatu. Shemeji, ambaye hakosi neno, alikuwapo, na hakusema kitu. Mdogo wetu alilala kwenye mkeka. Hakumkataza kijana asijiandikishe, wala hakumhimiza. Alimwambia tu kwamba akienda, aende akijua mchezo wa farasi haumo katika ratiba.

Mabishano yanaendelea, msidhani yamekoma. Juma lililopita shemeji ameleta Braindead, nami nimeiweka juu ya kabati mpaka mdogo wetu akue. Mwanangu naye anasema kitabu ni bora kuliko picha zote, akisahau kwamba hajafika ukurasa wa mia. Cheti cha kuzaliwa nimempa, maana ni haki yake. Kimo ndani ya bahasha ya kaki, juu ya vitabu vyake vya umeme. Hajakwenda nacho popote, wala hajanirudishia.